Mafuta Kila Usiku, Mba Kila Asubuhi: Uchambuzi wa Kisa cha Ngozi ya Kichwa

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka 33, mwalimu, mama wa watoto wawili. Baadhi ya mambo yanayomhusu nimeyaacha makusudi ili asitambulike. Alifika kliniki ya ngozi ninapofanya kazi ya uuguzi akiwa na malalamiko mawili, na aliyaeleza kama mambo yasiyohusiana kabisa: ngozi ya kichwa kavu inayowasha, na nywele za panjani zinazopungua. Kwa ukavu alikuwa tayari na tiba yake, mafuta. Kwa panja alitaka tumtajie mafuta gani mengine aongeze.

Muwasho ulikuwa umeanza miezi kama minane nyuma. Mwanzoni ulikuwa mdogo, wa kukuna mara moja na kusahau. Kisha magamba meupe yakaanza kudondoka mabegani, naye akapaka mafuta ya nazi. Yalimtuliza siku mbili tatu, hali ikarudi ilivyokuwa. Akahamia mafuta ya nyonyo, halafu grisi nzito ya kopo, na mwisho akawa anavichanganya vyote na kupaka kila usiku kabla ya kulala, mstari kwa mstari katikati ya rasta. Rasta zenyewe zilikuwa ndogondogo na ndefu. Alikaa nazo wiki 8, wakati mwingine 10, akifumua leo na kusuka tena kesho. Katika wiki zote hizo kichwa hakikuguswa na maji. Alikuwa ameambiwa kwamba maji huzivuruga rasta, na kwamba ngozi kavu ukiiosha unaizidishia ukavu.

Nataka msomaji aone kwamba mwanamke huyu hakuwa mzembe. Alikuwa anatumia muda mwingi kwenye kichwa chake kuliko watu wengi ninaowaona. Kila alichokifanya kingekuwa sahihi kama ngozi yake kweli ingekuwa kavu. Haikuwa kavu.

Tulichokiona kwenye taa

Tulimwomba aje akiwa amefumua lakini hajaosha wala hajapaka kitu siku hiyo. Jambo hili nalisisitiza kwa kila mtu anayekwenda kuonyesha kichwa chake. Wengi huona aibu, wakaosha vizuri na kupaka mafuta kabla ya kuja, na hapo ushahidi unakuwa umekwenda na maji.

Kwa mkia wa chanuo tuligawa nywele fungu baada ya fungu chini ya taa. Kisogoni na juu ya masikio magamba yalikuwa na rangi ya njano hafifu, yamegandia ngozini, mengine yamelivaa shina la unywele. Nililibandua gamba moja nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Halikupukutika kama unga. Lilifinyangika na kuacha utelezi. Ngozi iliyokauka kikweli hutoa magamba madogo, meupe, makavu, na mara nyingi mtu huyo utamkuta na mikono na miguu iliyopauka pia. Mikono ya mama huyu ilikuwa laini kabisa.

Nyuma ya masikio ngozi ilikuwa imepasuka kidogo na kufanya ukoko. Pembeni mwa pua na kwenye nyusi kulikuwa na mabaka yaliyofifia rangi, ambayo yeye alidhani yametokana na krimu ya uso. Kwenye ngozi nyeupe uvimbe wa namna hii huonekana kama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana kama baka lililopauka au lililokolea, kwa hiyo anayetafuta wekundu tu atapita bila kuuona. Magamba yenye mafuta, muwasho, na mabaka sehemu hizo hasa, yaani kichwani, nyuma ya masikio, kwenye nyusi na pembeni mwa pua, vyote kwa pamoja vilituelekeza kwenye mba uliokomaa ukawa ugonjwa wa ngozi. Madaktari huuita dematiti ya seboreya.

Kisha tukafika panjani. Nywele zilikuwa zimepungua pande zote mbili, lakini ukingoni kabisa, mpakani na paji la uso, ulibaki mstari mwembamba wa vinywele vifupi laini. Mstari huo ni alama inayojulikana sana ya nywele zilizong'olewa na mvuto: zile ndefu zilizosukwa zimeondoka, zile fupi ambazo mkono wa msusi haukuweza kuzikamata zimebaki. Kwenye mizizi ya rasta za mbele kulikuwa na vipele vidogo, viwili vitatu vikiwa na usaha. Upande wa kulia vitundu vya nywele bado vilionekana, na hilo lilitupa matumaini. Upande wa kushoto palikuwa na sehemu ndogo, yenye ukubwa wa ukucha, ambapo ngozi ilikuwa laini, inang'aa, bila kitundu hata kimoja.

Yaliyoweza kuwa, na hayakuwa

Soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi, hufanya magamba mazito ya rangi ya fedha yenye mpaka ulio wazi, nayo hupenda kuvuka mstari wa nywele na kujitokeza kwenye viwiko, magoti na kucha. Hakuwa nayo. Utosini, ambako aina nyingine ya upotevu wa nywele wenye makovu huanzia kwa wanawake wengi wenye nywele za kipilipili, palikuwa pazima. Hakuwa amebadilisha rangi ya nywele wala kutumia gundi ya wigi, kwa hiyo mzio wa kemikali uliwekwa kando. Daktari alimpima damu kwa ajili ya madini ya chuma na homoni za tezi ya thairoidi, kwa kuwa vyote viwili vikipungua vinaweza kupukutisha nywele, na majibu yalikuwa mazuri.

Mapunye tuliyachukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu ya jambo alilolisema kama la kupita tu: binti yake wa miaka 7 naye ana mba, na anampaka mchanganyiko uleule. Hapo nilisimamisha kila kitu. Mtoto wa umri huo ambaye hajaanza kubalehe, tezi zake za mafuta bado zimelala, na mba wa kawaida kwake ni nadra. Mtoto wa shule mwenye magamba kichwani na nywele zinazokatika mhesabu ana mapunye mpaka kipimo kikanushe. Aliletwa. Alikuwa na kiraka chenye nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, zikionekana kama vidoa vyeusi, na tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Sampuli ya magamba na nywele ilithibitisha. Yeye alihitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maana fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki ipasavyo. Shampuu ya fangasi ilisaidia tu kupunguza kuambukiza wengine. Machanuo yakatenganishwa. Mama naye alichukuliwa sampuli, na haikuonyesha mapunye. Kwa hiyo nyumba moja, chupa moja ya mafuta, na maradhi mawili tofauti.

Mafuta yalikuwa yanafanya nini

Hapa ndipo kiini cha kisa chote, na ndipo ninapotaka kukaa.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na karibu kila moja ina tezi yake ya mafuta pale shinani. Juu ya ngozi hiyo wanaishi fangasi wa jamii ya hamira waitwao Malassezia. Wapo kwa karibu kila mtu mzima. Hawatokani na uchafu, na mba wake mtu hamwambukizi jirani. Tabia yao moja ndiyo inayotuhusu: hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta wanazohitaji ili kuishi, lazima wazipate nje. Maabara inayotaka kuwakuza huwawekea mafuta kwenye chakula chao, mara nyingi mafuta ya zeituni. Bila mafuta hawaoti.

Wakiwa kichwani huyavunja mafuta ya tezi kwa vimeng'enya, wakachukua sehemu inayowafaa na kuacha nyingine, hasa asidi ya oleiki. Kwa watu ambao ngozi zao haziivumilii, asidi hiyo hupenya na kudhoofisha ukuta wa juu wa ngozi. Ngozi hujibu kwa kuvimba, kuwasha, na kuharakisha kazi yake. Chembe ambazo kwa kawaida huchukua karibu mwezi mmoja kupanda kutoka chini hadi kudondoka bila kuonekana, sasa hupanda mbio, zinafika juu hazijakomaa, zimeshikana. Hayo ndiyo magamba tunayoyaona begani.

Sasa mtazame mama huyu anapaka mafuta kila usiku kwenye ngozi isiyooshwa wiki 8. Mafuta yale yaliwapa fangasi chakula, yakayagandisha magamba na kuyaficha machoni, na kwa saa chache yakalainisha ngozi kiasi cha kutuliza muwasho. Ile nafuu ya saa chache ndiyo iliyomfanya aamini kwamba yanatibu. Muwasho uliporudi, alihitimisha kwamba hajapaka ya kutosha.

Lakini kuna kitu alichokuwa sahihi kabisa kukihisi: nywele zake zilikuwa kavu kweli. Kwenye nywele zilizonyooka mafuta ya tezi huteremka kutoka shinani hadi nchani bila kizuizi. Kwenye nywele zilizojikunja kila mkunjo ni kikwazo, na mafuta hubaki chini. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na ngozi iliyojaa mafuta na nywele zilizokauka hadi zinakatika, kwa wakati mmoja, kichwa kimoja. Nywele hizo zinahitaji mafuta na kondishna. Ngozi iliyo chini yake inahitaji kuoshwa. Ushauri mwingi wa nywele hauitofautishi ngozi na unywele, na watu wenye nywele za kipilipili ndio wanaoumia zaidi kwa hilo.

Malalamiko yake mawili yalikutana panjani. Rasta nyembamba zenye uzito wa nywele za bandia zilikuwa zinavuta mizizi mchana na usiku. Ngozi ilikuwa imevimba kwa mba, na mzizi ulio kwenye ngozi iliyovimba haushiki kama inavyopasa. Juu ya hayo alikuwa anajikuna kwa ncha ya chanuo katikati ya misuko, maana kucha hazikufika. Kila mkwaruzo ulifungua njia kwa bakteria, na vile vipele vya usaha ndiyo matokeo yake.

Jambo moja lilikuwa limemtisha bure. Kila akifumua alitoa bunda la nywele linalojaza kiganja, na alikuwa analipiga picha. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikiwa zimefungwa ndani ya rasta kwa siku 56 haziwezi kudondoka, kwa hiyo siku ya kufumua zinatoka kwa pamoja, kuanzia 2,800 hadi 5,600 kwa hesabu hiyo. Cha kuangalia ni ncha. Unywele uliomaliza muda wake una kitone cheupe upande wa shinani. Uliokatika hauna. Bunda lake lilikuwa mchanganyiko wa vyote viwili, na hizo zilizokatika ndizo zilizostahili kumshughulisha.

Tulivyoanza

Mafuta yote yalihama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye nywele: nusu ya chini na nchani tu. Daktari aliandika shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ya 2%. Matumizi yake ya kawaida ni mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, lakini kwa nywele zilizojikunja na kukauka kiasi kile tulikubaliana mara 1 kwa wiki, ili tusitibu ngozi kwa gharama ya nywele. Vipele vilioshwa na kuachwa vipumue, bila kusukwa, navyo vikakauka vyenyewe. Kwa muwasho alipewa losheni nyepesi ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa siku chache za mwanzo, akaonywa asiizoee, kwa sababu ikitumika miezi mfululizo huikondesha ngozi.

Namna ya kuosha ilihitaji maelezo marefu kuliko dawa yenyewe. Kwanza kondishna kwenye urefu wa nywele ili shampuu isizikaushe. Kichwa kinagawanywa mafungu manne, shampuu inapakwa moja kwa moja kwenye ngozi, inasuguliwa kwa nyama ya vidole, kucha zikiwa mbali. Inaachwa dakika 5. Hapa ndipo watu wengi wanapoipoteza dawa: wanapaka, wanatoa povu, wanasuuza papo hapo, kisha wanasema haifanyi kazi. Ketokonazoli inahitaji muda wa kukaa juu ya ngozi. Baada ya hapo maji mengi mpaka mizizi isiwe na utelezi, kondishna tena kwenye nywele, na ngozi kukaushwa vizuri kabla ya kufunga kitambaa. Kufunga kichwa kikiwa na unyevu usiku kucha ni kukifuga kilekile unachokifukuza.

Alikuwa ameshauriwa pia kutumia ndimu, siki na magadi. Ngozi ya kichwa ina hali ya uasidi kidogo, pH karibu 5.5. Sabuni nyingi za mche ziko kwenye 9 hadi 10, na magadi nayo ni ya upande huohuo wa alkali, kwa hiyo huivuruga ngozi na kuufanya unywele uwe mkavu na wenye kunasa. Ndimu kwenye ngozi iliyochubuka huunguza. Sikumwambia ajaribu kidogo aone. Nilimwambia asitumie.

Miezi iliyofuata

Muwasho ulipungua baada ya kuosha mara ya pili. Kufikia wiki ya tano ngozi ya kisogo ilikuwa safi, na mabaka ya usoni yalikuwa yanarudi kwenye rangi yake. Akaacha shampuu, kama karibu kila mtu anavyofanya akipona. Ikaja shughuli ya familia, akasuka tena rasta zilezile nyembamba, akakaa nazo, na kabla ya wiki sita kuisha alikuwa amerudi kwetu anawashwa.

Kurudi huko kulituonyesha tulipokuwa hatujaeleza vya kutosha. Fangasi hawa hawaondoki, na ngozi isiyowavumilia itaendelea kutowavumilia. Dematiti ya seboreya hudhibitiwa, kisha mtu huendelea kuitunza hali hiyo. Sasa anatumia shampuu ya dawa mara 1 kila wiki 2 hata pale ngozi inapokuwa safi kabisa, na shampuu laini ya kawaida katikati.

Hatukumkataza kusuka. Rasta zinampunguzia kazi ya asubuhi na anazipenda, na ushauri usiotekelezeka hauna faida. Tuliafikiana hivi: misuko minene zaidi na mifupi zaidi, nywele za ukingoni zisiguswe kabisa, isizidi wiki 6, na baada ya kufumua kichwa kipumzike wiki chache kabla ya kusukwa tena. Akiwa na rasta anaosha ngozi kwa shampuu iliyochanganywa na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, akiipitisha kwenye mistari, kisha anakausha. Na kuna kipimo kimoja asichokiacha kwa msusi wala kwa mtu yeyote: ukiinuka kitini kichwa kinauma, au ukaona vipele mizizini, fumua sehemu hiyo siku ileile. Maumivu yale si ya kuzoea. Wasichana wadogo huambiwa wavumilie kwa kuwa uzuri una gharama, na baadhi yao wanakuja kwetu na panja zilizokwisha kabla ya miaka 20.

Kuhusu panja tulimwambia mapema asijipime kwenye kioo kila asubuhi. Unywele uliong'oka huacha mzizi ukipumzika kwa takriban miezi 3, na ukianza tena hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, mara nyingi pungufu ya hapo kwa nywele za kipilipili. Mwezi wa tano upande wa kulia ulikuwa na nywele mpya fupi, zimesimama, nyeusi vizuri, zikiujaza mpaka uliokuwa wazi. Upande wa kushoto nywele zilirudi pembeni mwa ile sehemu ya ukubwa wa ukucha, lakini si ndani yake. Bingwa wa ngozi aliitazama kwa demoskopu, lenzi ya kukuzia ngozi, na kuona kovu badala ya vitundu. Minoksidili, dawa ya kuchochea nywele kukua, aliyoandikiwa inaweza kuongeza nguvu mizizi iliyo hai kandokando, ila haiwezi kufufua mzizi uliokufa, na alielezwa hivyo bila kuzungushwa. Kinachosubiriwa sasa ni kuona kama kovu hilo limetulia kwa mwaka mzima. Likitulia, anaweza kufikiria kupandikiziwa nywele hapo, na likiendelea kupanuka atakatwa kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi wa maabara.